Buni za Upande wa Kushoto

Egbert alikuwa ameacha mchezo wa ngumi miaka mitatu iliyopita, lakini miguu yake haikujua kutulia. Asubuhi ile ya mwaka 1987, nyumbani kwake katika kijiji cha Ndama, alimsikiliza mgeni huku akizungukazunguka uani, mara ageuze buni zilizoanikwa mkekani, mara arudi mlangoni.

Mgeni alikuwa katibu wa klabu yake ya zamani, kutoka Bukoba. Bondia wao alikuwa ameugua, na pambano lilikuwa Jumamosi.

"Raundi sita tu, kaka. Utaweza?"

"Unaniuliza mimi? Lete hiyo karatasi nisaini."

Mkewe alikuwa akiwasikia kutoka jikoni. Tangu msimu wa kahawa uanze, alikuwa akimfuata mumewe shambani kimyakimya, akichuma buni mbivu ambazo mume aliziacha upande wa kushoto wa kila mti. Hakuwahi kumwambia mtu.

Egbert akainamia meza, kalamu mkononi. Mkewe akaja akasimama kushoto kwake. Akakunja ngumi, akairusha kwa nguvu kuelekea usoni pa mumewe, akaizuia karibu kabisa na kope za jicho la kushoto.

Egbert hakupepesa. Aliendelea kuandika jina lake.

Katibu aliona. Mke wa Egbert hakuishusha ngumi. Alimkazia katibu macho tu.

Katibu akaivuta karatasi taratibu kabla jina halijakamilika.

"Mbona unaichukua?" Egbert akauliza. "Kuna nini?"

Akageuka kushoto kumwita mkewe, na shavu lake likagonga ngumi.