Nusu ya Chingamu

Biskuti ilimkwama Mutisya kooni, macho yakamtoka, na Kanyiva badala ya kumpa maji akatazama saa.

"Bado," alisema. "Meza."

Mwalimu Musyimi alicheka hadi akaegemea ukuta. Utafiti wa Kanyiva ulikuwa rahisi, na ndiyo sababu aliupenda. Wanafunzi walizunguka uwanja juani bila maji, wengine wakitafuna chingamu, wengine midomo mitupu. Kisha kila mmoja alipewa biskuti kavu. Waliotafuna waliimeza upesi kwa kuwa mate hayakuwa yamewakauka. Wasiotafuna waliteseka kama Mutisya.

Shule yao ilikuwa imezoea kurudi mikono mitupu kutoka maonyesho ya sayansi ya kaunti, na Musyimi alikuwa amechoka kuchekwa na walimu wenzake. Safari hii alishaanza kunusa ushindi.

Alijua pia kwa nini msichana alichagua kiu. Kwao ni Tseikuru. Kiangazi kimoja kibaya, akiwa bado mdogo, yeye na mama yake na kakake Nyamai walihamisha mbuzi kutafuta maji. Nyamai hakufika. Tangu aingie bweni, Kanyiva alijaza vikombe viwili kila wakati wa chakula. Kimoja alikinywa, kingine alikwenda kukimwaga nje ya mlango. Mpishi alipomuuliza, alijibu kwa upole kuwa hicho ni cha kakake. Tangu hapo mpishi alimwogopa, na hakumhudumia ila kwa kuangalia pembeni.

"Anataka watoto wengine wa wachungaji wasife," Musyimi aliwaambia wenzake.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kanyiva hakuridhika. Kila matokeo yalipotoka, aliyarudia. Waliokuwa wakitafuna akawanyima, waliokuwa wamenyimwa akawapa. Jibu likawa lilelile. Mwishowe akaongeza kundi la tatu, la chingamu iliyokatwa katikati.

"Nani hukata chingamu, Kanyiva?"

"Mtu akiwa na moja, mwalimu. Na watu ni wawili."

Nusu ilifanya kazi sawa na nzima. Siku hiyo Kanyiva aliketi kwenye nyasi akalia, na Musyimi akamwacha alie ashibe. Hata yeye alikuwa karibu kulia kwa furaha.

Mjini Kitui, ukumbi ulijaa pomoni. Kathini, mama yake Kanyiva, alikuwa amefunga safari kutoka Tseikuru alfajiri, na sasa ameketi safu ya nyuma kabisa, leso ameikaza kichwani. Jaji, Madam Nasreen, aliisoma chati bila haraka.

"Kuna mahali nimekosea, Madam?" Kanyiva aliuliza.

"Sioni."

"Tafadhali, angalia tena."

Nasreen alitabasamu. Wengine walimwomba alama, huyu alikuwa anaomba kosa. "Kazi yako ni safi. Ila kumbuka, umepima mdomo tu. Mwili hujaupima."

"Kwa hivyo inawezekana haisaidii?" Kanyiva alidakia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze utafiti huo, uso wake ulichangamka.

Musyimi nusura amzibe mdomo. Mtoto gani huyu anayebomoa kazi yake mwenyewe mbele ya jaji?

"Inasaidia, Madam!" aliingilia. "Inasaidia sana! Tumejaribu mpaka duka likaishiwa chingamu!"

Walitangazwa wa kwanza. Musyimi alinyakua kombe, akapenya katikati ya watu wanaopiga makofi, akielekea safu ya nyuma. Alitaka kuwa wa kwanza kumpa mama habari. Kanyiva alimkimbilia, akamshika koti.

"Mwalimu, wacha nimwambie mimi. Tafadhali, mwalimu."

Haya ya wasichana wa mashambani, aliwaza Musyimi, akajinasua.

"Mama Kanyiva! Simama tukuone! Mtoto wako amethibitisha! Chingamu inaokoa mtu na kiu!"

Kathini hakumtazama mwalimu. Alimtazama binti yake, na Kanyiva akainamisha kichwa.

"Hata nusu?" Kathini aliuliza.

"Hata nusu, mama! Nusu inatosha kabisa!"

Makofi yalipoisha, Kathini aliifungua leso kichwani.

"Nilikuwa na moja tu kwa mfuko," alisema. "Nikapatia huyu yote, kwa sababu ndiye alikuwa analia."