Waya wa Besi

Arobaini ya Mwinchande ilipofika, Sekulu, kiongozi wa bendi, alifungua gitaa la besi la marehemu ili lipigwe kumkumbuka. Waya wa kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi ulikuwa umeachia. Ukigusa, besi inanguruma, ukiachia, inazimika.

Uso ukamwaka kwa aibu. Besi ilipokuwa ikikatikakatika, yeye ndiye aliyemshusha Mwinchande jukwaani mbele ya watu: "Vidole vimezeeka, kaka. Kapumzike."

Mjane akasogea. "Shemeji, umeona ubovu? Mwenzio alikuwa akivikanda vidole kwa mafuta ya karafuu mpaka anakufa."

"Ni kitu kidogo tu, shemeji."

"Kidogo kipi?"

Sekulu akashika chuma cha moto cha kulehemu, akainamia waya. Chuma kikateleza, kikaunguza mbao, na moshi ukapanda katikati yao.