Kipete cha Mpira

Eilidh alipofika chini ya mlima, ametapakaa tope, babake hakumtazama usoni. Alichuchumaa moja kwa moja mbele ya baiskeli.

Kwenye shokapu ya mbele kuna kipete cha mpira. Shokapu ikibonyea hukisukuma juu, kikabaki hapohapo. Asubuhi baba alikishusha mwenyewe hadi chini. Sasa kilikuwa kimegota juu kabisa.

Katika njia nzima ya baiskeli ya mlima huu wa Fort William, ni mwamba mmoja tu ambao ukiuruka kitafika pale. Baba mwenyewe kila akiufikia hushuka, akapita kando akiikokota baiskeli.

"Umeuruka?"

"Usimwambie mama, baba."

Baba alikigusa kipete kwa ncha ya kidole, taratibu, kama kitu cha moto.

"Lete pampu tuongeze upepo kwenye shokapu," alisema. "Halafu ukanionyeshe unapoanzia kuuruka."