Kurasa Nne kwa Mguu Mmoja

“Mimi nililala njaa lini?” fundi cherehani aliuliza, kidole kikiwa juu ya aya ya pili.

“Mama, hii ni barua ya kuomba msaada, si kiapo cha mahakamani,” katibu alimjibu.

Alikuwa ameiandika asubuhi nzima. Kurasa nne, mmoja mzima ukisimulia ajali. Miaka kumi na miwili katika ofisi ile ya misaada ilimfunza kwamba mfadhili hatoi mpaka alie, na kumliza mtu mzima kunataka nafasi.

Fundi aliegemeza magongo yake ukutani, akachukua mkasi wa mezani, akazikata kurasa zote nne kwa mpigo, kama anayepunguza suruali.

Katibu aliruka kitini. “Una wazimu?”

“Mistari miwili inatosha.”

“Mistari miwili ni ya kuagizia vifungo! Wewe unataka mguu wa bandia.”

“Basi andika hivyo hivyo. Nataka mguu.”

Damu ilimchemka katibu. Alimwambia bahasha zinaondoka saa sita, na akizidi ukaidi atalifuta jina lake, kisha aone atakavyokanyaga cherehani kwa magongo. Neno hilo lilimchoma hata yeye lilipomtoka, lakini hakuomba radhi.

Fundi alimkazia macho makavu. “Futa. Nitaipeleka mwenyewe, hata kwa kurukaruka.”

Katibu alivuta kompyuta, akapiga vitufe kana kwamba vimemkosea: *Naomba mguu wa bandia. Bei ya hospitali nimeiambatisha.* Akachapa, akamsukumia karatasi. Ilikuwa nyeupe karibu yote, aibu tupu.

Fundi aliisoma mara moja, akatia sahihi.

“Haya, iende kwa nani?” katibu alisema kwa kejeli. “Nani atatoa hata senti kwa kikaratasi hiki?”

Fundi aliinuka, akachukua magongo yake, akaifuata orodha ya wafadhili iliyobandikwa mlangoni, akagusa jina la tajiri mmoja wa ujenzi.

“Huyu.”

Katibu aliangua kicheko. “Huyo? Mgumu kama zege lake! Wengine nimewaandikia kurasa sita hawakunijibu, sembuse huyo. Hata ajali yenyewe humsimulii?”

“Ya nini?” Fundi alirudi mezani, akaitia barua katika bahasha, akalamba gundi yake, akaibana kwa kiganja. “Usukani alikuwa ameushika yeye.”