Kiti cha Nyuma

Jambo la kwanza Mwanaidi aliloona ni mumewe, Shomvi, akifuta viganja kwenye suruali kabla ya kuzigusa pikipiki za dukani. Zilikuwa pikipiki mbili ndefu za starehe, moja ya kiwanda kilichozoea kuunda za mashindano, nyingine ya kiwanda cha pikipiki za mizigo.

"Hii ya kiwanda cha mashindano inanguruma vizuri zaidi," alisema Shomvi.

"Lakini ina kiti kimoja, kaka," alisema muuzaji. "Kwenye hii nyingine shemeji atakaa nyuma."

Shomvi alicheka. "Huyu? Huyu haendi popote."

Mwanaidi alipandisha gauni, akapanda kiti cha nyuma cha ile ya viti viwili. Hakukaa upande kama wanawake wa mji ule; alitagaa, mguu huku na mguu kule. Mbele yake kiti kilikuwa kitupu.

"Nataka kwenda," alisema.