Yoga ya Majirani Wote

Enzi wanyama walipoanza kulalamikia migongo, Kobe alifungua ukumbi wa yoga, akatangaza kuwa ni wa majirani wote bila ubaguzi. Alihofia hatapata mtu. Wakaja Swala, Kanga na Digidigi. Mara Chui naye akaingia, akatandika mkeka wake katikati.

“Fumbeni macho,” ilisema sauti ya Kobe. “Pumueni taratibu. Hapa sote ni ndugu.”

Chui akafumba. Wengine walimkodolea macho, wamekauka kama vigogo. Kobe alifurahi: darasa la kwanza, na utulivu wote huo!

“Digidigi, mbona hufumbi macho?” Kobe aliuliza akichungulia.

“Nitafumba, mwalimu,” Digidigi alijibu bila kumpa Chui kisogo, “ukishatoa kichwa nje ya gamba.”

Kobe alilitafakari ombi hilo. Kisha, akiwa humo humo ndani, akatangaza kuwa somo la leo limekwisha.