Memori Mpya ya Mama Paskazia

Edson aliichomoa memori ya kompyuta kwa mara ya tano, akaipuliza, akairudisha mahali pake mpaka vibanio vya pembeni vikalia. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Kisha ndani ya boksi ikasikika milio mitatu mirefu, kama mtu anayekataa jambo kwa adabu.

"Fundi, umeisalimia?" akauliza Marwa kutoka kwenye benchi la mlangoni. "Huenda ni mkubwa wako. Ipe shikamoo."

Edson alitabasamu tu. Marwa alikuwa dalali wa dhahabu, na siku asiyokuwa na mteja wa kumleta hapo ofisini, alijipatia burudani kwa watu wenye kazi.

Ofisi ilikuwa ya Mama Paskazia, mnunuzi wa dhahabu anayejulikana Nyahanga nzima. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, miwani puani, anamenya karanga bila haraka. Kompyuta yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Ukiifungua asubuhi, ungeweza kunywa chai na kuosha kikombe kabla haijakuitikia. Edson alimwambia dawa yake ni kuongeza memori ya pili, na jana yake akamletea, mpya, ikiwa kwenye pakiti.

Mama Paskazia hakukubali ifungwe siku hiyohiyo. Kitu kigeni, alisema, lazima kilale kwake kwanza. Ndivyo alivyofanya hata kwa jenereta. Leo asubuhi ndipo alipomkabidhi Edson ile pakiti na kumwambia, "Haya, endelea."

Tangu hapo ni milio mitatu.

Kwa Edson haikuwa kazi ya kompyuta moja. Mama Paskazia alikuwa anafungua ofisi nyingine Masumbwe, na huko kulikuwa na kompyuta sita zinazotafuta fundi wa kudumu. Alikuwa amesema wazi: hii ikienda vizuri, na zile ni zako. Edson hakuwa na cheti. Ufundi aliupata kwa kufungua vilivyokufa na kuviuliza vilikufa kwa nini. Jina lake likichafuka hapa, hakuwa na karatasi ya kumtetea.

"Mpwa wangu kasoma Mwanza," Marwa akasema. "Cheti chake kina fremu. Nimpigie, mama?"

"Mwache kwanza," akajibu Mama Paskazia, akatupa karanga mdomoni.

Edson alianza upya, polepole, kama kawaida yake. Aliitoa memori mpya, akaacha ile ya zamani peke yake. Mashine ikaamka. Aliihamishia ya zamani kwenye nafasi ya pili. Ikaamka tena. Kwa hiyo nafasi zote mbili zilikuwa nzima. Akaiweka mpya peke yake: milio mitatu. Akalinganisha maandishi ya memori zote mbili, herufi kwa herufi. Zilikuwa za aina moja.

"Ee, anasoma barua," Marwa akasema. "Soma kwa sauti, na sisi tujue wa kwao hawajambo."

Edson alitoa mfukoni kifutio cha shule ili asafishe meno ya memori, yale ya chini, ya rangi ya dhahabu, yanayoshikana na mashine. Hakusafisha. Alisimama, akampita Marwa, akatoka nje kwenye jua ayatazame vizuri.

Meno matano ya pembeni hayakung'aa kama wenzake. Yalikuwa yamepauka, yana mikwaruzo, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga miaka mingi.

Aibu ikamshika. Asubuhi ile alikuwa ameitoa kwenye pakiti na kuisukuma ndani bila kuitazama, yeye anayetazama kila kitu mara mbili. Alimfikiria Salome wa duka la mjini aliyemuuzia. Miaka minne hajawahi kumpa kitu kibovu. Labda na yeye aliuziwa hivyohivyo. Edson hakuona sababu ya kumtaja.

Akarudi ndani, akasimama mbele ya meza.

"Mama, kosa ni langu. Sikuikagua. Hii memori si mpya, meno yake yamekwisha."

Marwa akapiga kofi pajani. "Feki! Kwenye ofisi ya Mama Paskazia! Fundi, hapa watu wameleta shaba iliyopakwa rangi wakakamatwa kabla hawajakaa, na wewe ukaja na hiyo?"

"Naomba mpaka kesho," Edson akaendelea, sauti ileile ya chini. "Leo nakurudishia ile ya zamani ufanye kazi. Kesho nitakuletea nyingine, kwa gharama yangu. Na ukimpa mtu mwingine kazi ya Masumbwe, mama, sitalalamika."

Mama Paskazia alikung'uta maganda ya karanga kwenye gauni, akavua miwani.

"Marwa, funga mdomo, nzi wataingia. Na wewe Edson, mbona unajisingizia? Masumbwe ni kwako. Niliamua tangu jana."

"Lakini mama, kitu nilichokuletea..."

"Ulichoniletea ni halisi kabisa. Mashine ndiyo ina kiburi. Miaka ishirini na mbili nanunua dhahabu, mwanangu, hakuna feki iliyolala kwangu ikaamka salama."

Akamsogelea kidogo, sauti ikawa ya mtu anayempa mwenzake habari njema.

"Yale meno niliyasugua mwenyewe jana kwenye jiwe la kupimia dhahabu, nikadondoshea asidi. Dhahabu tupu! Na hiyo ya kesho niletee mapema, nayo niipime."